Faili Zilizobaki Bariadi

Sogeeni karibu, ninyi mnaokaa sasa kwenye meza niliyoiacha mwezi uliopita. Mliniomba maelezo ya makabidhiano, nami nikawaandikia kurasa mbili: nywila, funguo, na namba ya fundi wa jenereta. Hizo zinatosha kuendesha ofisi. Haya ninayoandika leo ni ya kusikiliza mkiwa na chai mkononi. Hakuna mtihani mwishoni.

Nataka kuwaeleza jambo moja tu, kwamba programu haisafiri peke yake. Najua mnalijua. Mimi pia nililijua kwa muda mrefu, kama mtu anavyojua kuogelea kwa kusoma kitabu, hadi siku nilipotupwa majini pale Mwandoya.

Niliingia kazini kama mpiga chapa. Bariadi ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga, na biashara ya pamba ndiyo kwanza imefunguliwa. Badala ya mnunuzi mmoja tuliyemzoea tangu utotoni, wakaja wanunuzi wengi, kila mmoja na mizani yake, magunia yake na kalenda yake ya kutundika ukutani. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba, jineri kama tulivyokiita, na bohari kadhaa huko vijijini. Mnunuzi aliyetaka kuonekana wa kisasa ilimbidi awe na kompyuta, kwa hiyo siku moja lori likatushushia maboksi mawili kutoka Mwanza. Meneja akatukusanya, akauliza ni nani anayeweza kupiga chapa bila kutazama vidole. Nikanyoosha mkono. Ndivyo nilivyokuwa mtaalamu wa kompyuta. Ilichukua kama sekunde nne.

Wiki ya kwanza nilijifunza kwamba adui mkubwa wa mashine ile ni pamba yenyewe. Nyuzi zilielea hewani kama ukungu, zikaingia kwenye feni, feni ikanguruma kama paka aliyebanwa mlangoni. Nikashona kifuniko cha kitenge. Nikanunua brashi ya kupaka rangi, ya inchi mbili, nikawa nafagia ndani ya mashine kila Jumamosi. Disketi nilizihifadhi kwenye kopo la biskuti, kila moja nimeifunga kwa kipande cha kanga. Disketi zilikuwa adimu. Vumbi la barabara liliziua haraka, na mpya zilitoka Mwanza pale mtu alipokumbuka. Kwa hiyo tulikuwa na desturi: disketi ikimaliza kazi yake, inafutwa na kupewa kazi nyingine. Nilijivunia desturi ile. Ikumbukeni, maana ndiyo iliyoniponza.

Aliyenifundisha kazi hakuwahi kusoma kompyuta. Mzee Nkwabi alikuwa fundi mkuu wa mitambo ya jineri, mtu mfupi mwenye ovaroli iliyooshwa hadi ikapoteza rangi. Alikuja ofisini kwangu kwa sababu ya ile feni.

"Mwangaluka, ng'wanone," alisalimia, yaani umeamkaje, mwanangu. Akainama, akaiwekea mashine sikio. "Huyu hajavunjika. Huyu kapaliwa."

Tangu siku hiyo alikuwa mwalimu wangu. Alinifundisha kutogusa kitu kabla ya kusikiliza, kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kuandika nilichobadilisha kabla ya kubadilisha kingine. Mafunzo haya nimeyalipia ada tena baadaye, kwenye hoteli zenye viyoyozi, kwa Kiingereza, na hayakuongezeka neno.

Lakini kulikuwa na tabia yake moja iliyonichekesha. Alipoitwa kutengeneza mtambo mahali pengine, alibeba sanduku la mbao ambalo watu wawili walilinyanyua kwa kuguna. Ndani yake mlikuwa na spana zote, mikanda ya akiba, beringi, boliti, grisi, matambara, hata kipande cha ubao cha kusimamia. Siku moja aliitwa kwenda kijiji cha Sapiwi kutengeneza injini ya pampu ya maji, nikamwambia, "Baba, mbona unajichosha? Wenyeji wamesema spana zipo."

"Zipo spana zao," alijibu. "Mimi naenda na zangu."

Nikacheka. Nikaona ni uzee.

Sasa nieleze kidogo kuhusu maktaba za programu, ili asiyejua asipotee njiani. Anayetunga programu hatungi kila kitu kwa mkono wake. Namna ya kuchora dirisha kwenye skrini, kupanga orodha, kusoma tarehe, kupeleka maandishi kwenye printa, vyote hivyo vilishatungwa na watu wengine, vikawekwa kwenye faili zinazoitwa maktaba. Programu inapofunguka inaziita: njoo wewe unipangie orodha, njoo wewe unichoree dirisha. Zikiwepo, zinaitika, na wewe mtumiaji hujui hata kama ziliitwa. Zisipokuwepo, programu inasimama palepale.

Shangazi yangu wa Migato alikuwa mpishi wa harusi. Pilau ilikuwa kichwani mwake, hakuhitaji karatasi. Lakini sufuria kubwa, mwiko mrefu na mafiga vilikuwa vya nyumba anayokwenda kupikia. Akifika akakuta sufuria za kupikia chai, ujuzi wake bado upo kichwani, na wageni bado wana njaa. Programu ni huyo shangazi. Maktaba ni sufuria.

Basi twende kwenye mbegu.

Pamba ikichambuliwa, nyuzi zinakwenda kwenye marobota na mbegu zinabaki. Sehemu ya mbegu inakamuliwa mafuta, na sehemu inarudi kwa wakulima wapande. Zamani kila eneo lilirudishiwa mbegu zake. Wanunuzi walipokuwa wengi, kila mmoja akanunua popote alipopata, na mbegu za mashariki na magharibi zikakutana kwenye jineri moja. Hapo palikuwa na hatari. Upande mmoja wa eneo letu la kununulia ulikuwa na ugonjwa wa mnyauko. Mmea unakua vizuri, halafu katikati ya msimu unalegea na kufa umesimama. Ugonjwa huo unasafiri ndani ya mbegu, na ukishaingia ardhini hautoki upesi. Ukimpa mkulima gunia moja la mbegu zile, unamharibia shamba kwa miaka.

Kampuni ikafanya jambo la maana. Kila gunia la mbegu likapigwa namba kwa rangi nyeusi, na kijana mmoja wa Mwanza akatutungia programu. Unaandika namba, inakujibu: pamba hii ilitoka kituo fulani, mbegu hizi ni za kupanda, au mbegu hizi ni za kukamua. Aliileta kwenye disketi nne, akaiingiza kwenye kompyuta ya Bariadi, akala wali kuku, akaondoka. Mimi nikaingiza namba zote, msimu mzima. Na kwa kuwa disketi zile nne zilikuwa zimemaliza kazi yake, nikafanya nini? Nikazifuta, nikazipa kazi nyingine. Programu yenyewe nilikuwa nimeiona kwenye mashine, faili moja ndogo yenye picha ya kikapu. Nikainakili kwenye disketi moja pamoja na orodha ya namba, ambayo bila programu haisomeki. Nikajua ninayo.

Wiki moja kabla ya kupanda tukagundua kwamba wapakiaji walikuwa wamepakia mbegu za bohari ya Mwandoya kutoka marundo mawili. Mbegu za kupanda na za kukamua zilikuwa zimelala pamoja, mamia ya magunia yamechanganyika hadi kwenye paa. Meneja akatoa amri kwamba gunia lisitoke mpaka namba yake isomwe. Nami nikatumwa Mwandoya na disketi yangu moja kwenye kopo la biskuti. Mtaniuliza kwa nini sikuchapisha orodha kwenye karatasi. Utepe wa printa ulikuwa umekauka. Na tuseme kweli, sikuona haja. Mwandoya kulikuwa na kompyuta mpya kabisa, nzuri kuliko ya kwetu.

Mtunza bohari aliitwa Kulwa, kijana mcheshi ambaye alikuwa akiitumia kompyuta hiyo kuandikia barua za mapenzi, kwa mujibu wa walinzi. Nje ya bohari walikuwa wameshakaa wakulima, wanawake kwa wanaume, na mikokoteni ya ng'ombe. Mawingu yalikuwa yameanza kujipanga upande wa Meatu kusini. Msemaji wao alikuwa mama mmoja mrefu, Mayu Milembe. Kwetu kila mama unayemheshimu unamwita mayu.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia.

"Mwadila. Wewe ndiye unayekuja na kile kinachojua mbegu?"

"Ndimi."

"Wabeja," akanishukuru. "Tuonyeshe."

Kulwa akawasha jenereta. Nikaingiza disketi, nikanakili, nikabonyeza picha ya kikapu mara mbili, nikageuka kuwatabasamia wakulima waliojaa mlangoni. Nilipogeuka tena, skrini ilikuwa imeweka kisanduku cha kijivu kinachosema faili fulani, yenye jina la herufi zisizotamkika, haikupatikana. Nikabonyeza tena. Kisanduku kilekile. Nikazima, nikawasha, nikapuliza disketi. Kulwa naye akaipuliza, kwa usalama.

Nikasema maneno ambayo mafundi wa kompyuta wote husema siku moja. "Lakini kwangu inafanya kazi."

Mayu Milembe akanitazama bila ubaya. "Basi tukapande kwako?"

Watu wakacheka. Mimi nilitamani kuingia kwenye kopo la biskuti.

Nilielewa haraka kilichotokea, na hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli. Yule kijana wa Mwanza alipoingiza zile disketi nne, ya kwanza ilikuwa na programu, na zile tatu zilibeba maktaba, ambazo zilikwenda kukaa kwenye folda kubwa ya mfumo, katikati ya mamia ya faili nyingine. Mimi nilikuwa nimemleta shangazi na kuacha sufuria zote Bariadi. Na zile disketi tatu nilizifuta kwa mikono yangu ili niweke akiba.

Kulwa akanivuta pembeni. "Dada Minza, si wewe uliyeingiza hizo namba zote? Huzikumbuki?"

Nilizikumbuka, au niliamini hivyo. Magunia ya namba za mia nne, nilikuwa na hakika, yalikuwa masafi. Niliona kabisa kichwani siku niliyoyaingiza. Nikamwambia Kulwa. Naye, kwa kuwa watu walikuwa wanasubiri, akaenda moja kwa moja mlangoni kutangaza kwamba tuanze na mia nne.

Mayu Milembe akainuka. "Mwanangu, unakumbuka au unadhani?"

Nikageukia ile skrini.

"Shamba la kaka yangu liliingiwa na mnyauko," akasema. "Alipewa mbegu na mtu aliyedhani. Sasa hivi anapanda mtama pale, pamba haishiki. Mimi nina watoto sita na shamba moja. Kama unadhani, tutasubiri. Mawingu hayo bado yanajadiliana."

Nikamwambia nilikuwa nadhani. Akarudi akakaa. Wengine walinung'unika, na mzee mmoja akasema kwa Kisukuma jambo kuhusu mashine na wanawake ambalo sitalitafsiri. Lakini hakuna gunia lililotoka.

Bohari ilikuwa na simu ya upepo, redio ya kuitana tuliyogawana na vituo vyote, dakika chache asubuhi na dakika chache alasiri. Kusoma namba za mamia ya magunia humo kusingewezekana hata kwa wiki. Lakini jina la faili moja lilitosha. Alasiri nikamwita Mzee Nkwabi, kwa kuwa redio ya Bariadi ilikaa karakana kwake, na kwa kuwa nilimwamini.

"Baba, ingia ofisini kwangu, washa mashine, fungua folda ninayokutajia. Unaona nini? Ova."

Kukapita muda. Mlinzi wa jineri alinisimulia baadaye kwamba Mzee alikuwa akikimbia kati ya ofisi na karakana, na kwamba alibonyeza kibodi kwa kidole kimoja kama mtu anayejaribu kujua iwapo chuma kimepoa.

"Naona majina mengi kama daftari la wapiga kura. Ova."

Nikamtajia herufi moja moja. Akaipata faili, akainakili kwenye disketi kama nilivyomwelekeza, na asubuhi yake dereva wa lori la mafuta akatuletea, imefungwa ndani ya bahasha, ndani ya soksi safi. Nikaiweka mahali pake. Wakulima wakasogea. Nikabonyeza kikapu.

Kisanduku cha kijivu. Jina jingine.

Hapo nilijifunza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia. Maktaba nazo zina maktaba zao. Sufuria nayo inataka mafiga, mafiga yanataka kuni. Na programu haikutajii orodha yote kwa mara moja. Inakutajia kinachokosekana cha kwanza, kisha inanyamaza mpaka ukilete. Mawingu yalikuwa yameacha kujadiliana na kuanza kunguruma. Wakulima waliolala majumbani walirudi na mikokoteni yao, wengine wakasema watachukua mbegu kwa mnunuzi wa jirani ambaye haulizi namba. Wawili wakaondoka. Nikawaona wakienda.

Alasiri nikamwita tena Mzee Nkwabi.

"Ile imekubali, sasa inataka nyingine. Ova."

"Na baada ya hiyo nyingine? Ova."

"Sijui. Inataja moja moja. Ova."

Redio ikakoroma kidogo. Kisha sauti yake ikaja polepole, kama anavyozungumza na injini. "Ng'wanone, injini ikiniambia inataka beringi, nikapeleka beringi, ikasema sasa inataka boliti, nikapeleka boliti, injini hiyo nitaimaliza masika. Ya hapa kwetu inafanya kazi? Ova."

"Ya hapo inafanya kazi. Ova."

"Basi nakuletea ya hapa. Ova na kwaheri."

Nilibaki nimeshika kile kisemeo. Kompyuta ya Bariadi ndiyo iliyotoa lebo za marobota. Ikivunjika njiani, jineri ingesimama. Mzee mwenyewe alinieleza baadaye mazungumzo yake na meneja, ambayo yalikuwa mafupi.

"Ikivunjika?" meneja aliuliza.

"Nitakuwa nimeipakata," Mzee Nkwabi alijibu.

"Nimeuliza ikivunjika."

"Na mimi nimekuambia itakapokuwa. Wakulima wakiondoka Mwandoya, mwaka kesho hizo lebo utabandika kwenye nini?"

Siku ya tatu, kabla ya saa sita, lori likaingia. Mzee Nkwabi akashuka kutoka kwenye kabini, kapakata boksi lililofungwa ndani ya blanketi la kijivu, na nyuma yake wapakiaji wawili wanaguna na lile sanduku la mbao. Hakutaka mtu amsaidie boksi. Aliliweka mezani kama anayelaza mtoto, akafungua kwa bisibisi yake mwenyewe, akatazama ndani kama kuna waya uliolegea, akakaza mmoja, akafunga. Skrini tukatumia ya Kulwa. Nikabonyeza kikapu, na dirisha likafunguka kama lilivyokuwa likifunguka siku zote nyumbani kwake.

Siku hizi mna jina zuri la jambo hili. Mnafunga programu na kila inachohitaji kwenye kontena moja, inakwenda popote na kufanya kazi palepale inaposhuka. Kontena letu la kwanza lilikuwa blanketi.

Tukaanza kusoma. Kulwa akitaja namba, mimi naandika, skrini inajibu, wapakiaji wanaweka huku au kule. Tulipofika mia nne, za mwanzo zikajibu: kupanda, kupanda, kupanda. Nikaanza kujisikia vizuri. Kisha mia nne na thelathini ikajibu: kukamua. Iliyofuata, kukamua. Safu nzima ya magunia ilitoka kituo cha upande wa mnyauko. Niliyoyakumbuka yalikuwa ya asubuhi ile. Haya niliyaingiza mchana wake, nikayasahau.

Mayu Milembe alikuwa amesimama nyuma yangu. "Hizo ndizo ulizotaka kutupa?"

"Ndizo, mayu."

Akayatazama yale magunia. "Wabeja kwa kutotupa," akasema, akaenda kufunga ng'ombe wake kwenye mkokoteni.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku iliyofuata, magunia yote masafi yakiwa yameshaondoka. Msimu huo nilipita Mwandoya kwenye lori la kampuni, tukasimama kwenye shamba lake. Pamba ilikuwa imesimama hadi kiunoni, majani mapana, hakuna hata mche uliolegea. Hakuniambia chochote kuhusu kompyuta. Alinipa michembe, viazi vilivyokaushwa, mfuko mzima. Kuhusu wale wawili waliokwenda kwa mnunuzi mwingine, sikuwahi kujua mbegu zao zilikuwaje. Bado huwa nawafikiria.

Niliporudi Bariadi nilimwomba meneja anipe ile kompyuta ya Mwandoya kwa wiki moja. Kulwa alilia kidogo, sijui kwa ajili ya barua zipi. Ilikuwa mashine tupu, ndiyo thamani yake. Nikaiwekea programu peke yake, nikasoma jina la kinachokosekana, nikaliandika kwenye daftari, nikanakili faili hiyo, nikajaribu tena. Zilikuwa faili kumi na moja. Siku ya tano ikafunguka, nikashangilia, nikaipeleka Sapiwi. Ikafunguka hata kule Sapiwi. Mtu akabonyeza kitufe cha kutafuta kwa tarehe, ikafa. Maktaba ya tarehe haikuwa inaitwa mpaka kitufe hicho kibonyezwe. Kwa hiyo kufunguka peke yake si ushahidi. Zikawa kumi na mbili.

Kosa langu lingine la miezi hiyo lilikuwa kubwa zaidi, nami naliungama kwa kuwa linajirudia hadi leo. Mwanzoni nilikuwa naweka maktaba zetu kwenye folda kubwa ya mfumo, ambako programu zote zinachota. Kwenye mashine moja palikuwa na faili yenye jina lilelile, lakini ya toleo jipya zaidi, iliyotumiwa na programu ya mizani. Nikaifunika kwa ya kwetu ya zamani. Programu yetu ikafurahi. Mizani ikagoma asubuhi nzima, na foleni ya mikokoteni ikafika barabara kuu. Mzee Nkwabi alipopata habari aliniuliza tu, "Uliingia kwenye sanduku la mwenzako ukabadilisha spana zake?" Tangu hapo maktaba za programu yangu zinakaa kwenye folda ya programu yangu, kando yake, na sigusi za mtu.

Mmoja wenu aliwahi kuniambia kwamba kubeba maktaba kila mahali ni kupoteza nafasi, kwamba mashine moja inaweza kuwa na nakala kumi za kitu kilekile. Ana haki. Nami namuongezea la pili, zito kuliko hilo: ukibeba maktaba yako, wewe ndiye mlezi wake. Siku ikigundulika ina tundu la usalama, hakuna mwingine atakayekuja kuibadilisha. Itabidi wewe ujue iko kwenye programu zipi, kwenye mashine zipi, na toleo gani. Ndiyo maana kwenye kila folda yangu mtakuta faili ya maandishi inayoitwa SOMA KWANZA, yenye jina la kila maktaba, toleo lake na mahali nilipoitoa. Nimewaachia zote. Gharama hiyo nimeilipa kwa furaha kwa miaka yote, kwa sababu upande wa pili niliwaona watu wawili wakiondoka na mikokoteni mitupu.

Sasa mna mtandao, na programu zenu zinajua kujitafutia maktaba zenyewe. Nimefurahi kuliona hilo kabla ya kustaafu. Lakini bohari zetu ziko palepale, mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka, na mkulima anayesubiri mlangoni hawezi kuambiwa ajaribu tena baadaye. Mna akili kunizidi na mna vifaa kunizidi. Mnachohitaji ni mazoea tu, na mazoea yanaanza na siku moja.

Basi lifanyeni hili kesho. Chukua programu unayotaka kuipeleka kwa watu. Tafuta mashine ambayo haijawahi kuiona, kata mtandao, nakili folda moja tu, ifungue, na ubonyeze kila kitufe hadi cha mwisho. Kitakachokosekana andika jina lake, kiweke ndani ya folda, futa kila kitu kwenye mashine ile, kisha anza tena tangu mwanzo. Ikipita mara mbili mfululizo bila kukuomba kitu, ipeleke.